Mkufunzi wa injini asiyetaka kuona sura, anataka mikono

Saa mbili kasoro dakika kumi asubuhi, mlango wa chuma wa karakana uko wazi na sakafu bado ina unyevu wa maji ya kudekia. Mwanamume mwenye ovaroli ya buluu iliyopauka magotini anafunga simu kwenye kishikizo alichokiunga mwenyewe kwa vipande vya nondo. Anaiinamisha mpaka kioo kinaonyesha injini ndogo ya dizeli juu ya meza, na nafasi ya kutosha mikono miwili kando yake.

Anavaa miwani. Anahesabu majina kwenye kioo kwa kunong'ona, kama mtu anayehesabu vifaranga. Mia moja na tatu. Anasubiri. Mia moja na kumi na moja.

"Habari za asubuhi. Aliye jikoni azime redio," anasema. "Aliye kazini amwambie bosi wake kwamba yuko darasani, asije akamwaga unga kwa ajili yangu. Haya, leo tunatoa hewa kwenye mafuta. Nitafanya mara tatu. Ya kwanza naongea. Ya pili nanyamaza. Ya tatu mnaniongoza ninyi, na mimi nafanya mnachosema. Mkinidanganya, haitawaka, na aibu itakuwa yetu sote."

Mwanafunzi mmoja anauliza kama awashe kamera.

"Washa, lakini sura baki nayo. Najua ni nzuri. Mimi nataka mikono."

Mikono inaanza kujitokeza kwenye visanduku vidogo vya kioo. Kuna mikono ya mwashi yenye saruji kwenye kucha. Kuna iliyovaa glavu za mpira. Kuna mmoja ulioshika spana kinyume, na huo anauona kabla ya mingine yote.

"Wewe mwenye saa nyekundu, geuza spana. Hapo unaikwangua nati, huifungui."

Wanafunzi wake wanamwita Mwalimu Nozeli. Jina hilo limetokana na kipande kidogo cha chuma kinachopulizia mafuta ndani ya silinda, ambacho kwa miaka mingi alikibeba mfukoni na kukitoa kila mtu alipolalamika kwamba somo ni gumu. Alikuwa akimwambia aangalie matundu ya ncha yake, madogo kuliko unywele, kisha akamwonyesha lori lililoegeshwa uani. "Dude lote lile linasubiri hapa," alikuwa akisema.

Ana umri wa miaka hamsini na nane. Ishirini na sita kati ya hiyo amefundisha ufundi wa injini za dizeli katika chuo hiki. Kabla ya hapo alikuwa gereji, kwa mjomba wake, alikoingia akiwa na miaka kumi na saba na kukaa mwaka mzima bila kuruhusiwa kugusa spana.

"Mjomba alikuwa ananifunga macho kwa kitambaa, anawasha injini, ananiuliza inaumwa wapi," anasimulia. "Nikikosea, naosha vyuma. Niliosha vyuma vingi sana. Lakini mpaka leo gari likipita nje nikiwa nakula, mke wangu ananiambia nitafune kwanza."

Kwa mtu aliyejifunza kwa sikio na mikono, habari iliyoletwa na mkuu wa chuo miaka mitatu iliyopita ilikuwa kama kuambiwa ahame nyumba aliyoijenga. Nadharia yote ingefundishwa mtandaoni. Muda wa karakana, ambao ulikuwa muhula mzima, ungekuwa wiki tatu.

Mkuu wa chuo, mama anayeongea taratibu na anayeweka mezani kopo lililojaa kalamu nyekundu tupu, hajutii uamuzi huo. "Karakana yetu inachukua watu arobaini. Maombi yalikuwa yanazidi mia tatu kila mwaka," anasema. "Tulikuwa tunawafungia watu mlango kwa sababu ya nafasi za kusimama. Mwenye kazi hawezi kuacha kazi. Mwenye watoto wadogo hawezi kuhamia bweni. Nilijua mzee wetu angekasirika. Alikasirika."

Mkufunzi alimwandikia mkuu barua ya kurasa mbili kwa mkono. Anaikumbuka sentensi moja, kwa sababu mkuu alimsomea mbele ya wenzake: Mnataka nimfundishe mtu kuogelea kwa kumpigia simu.

Alianza shingo upande. Kipindi cha kwanza alivaa shati safi, akasimama mbele ya simu, akaeleza kwa nusu saa. Wanafunzi walimsikia vizuri. Kisha akawasha injini yenye hitilafu aliyoiandaa tangu jana yake, ili wasikie inavyogonga.

"Karakana nzima ikatetemeka. Nikawauliza, mnasikia? Kimya. Nikauliza tena. Dada mmoja akasema, Mwalimu, tunakuona umeinama tu, hatusikii kitu," anasema. "Nikazima, nikaongea. Wakanisikia. Nikawasha, kimya. Nikajua hawa watoto wananichezea."

Aliyegundua kilichotokea ni mkewe, mkunga katika kituo cha afya. Jioni hiyo alirudi kutoka zamu akamkuta mumewe amekaa barazani, viatu vya kazi miguuni, simu imewekwa kifudifudi kama mtoto aliyeadhibiwa.

"Nilimwambia, baba watoto, mimi stashahada yangu nimeisomea kwenye simu hii hii, katikati ya mama mmoja na mwingine. Nipe," anasema mkewe. "Nikamwonyesha. Programu ya darasa imetengenezwa ichuje makelele ili sauti ya mtu isikike. Ikisikia ngurumo isiyokatika, inaifuta. Nikabonyeza sehemu tatu, nikaizuia."

Mumewe hakushukuru papo hapo. "Nilibaki nimekaa," anasema yeye. "Miaka ishirini na mitatu nafundisha watu kusikiliza sauti ile. Halafu chombo kilicholetwa kunisaidia kinaiona ni uchafu, kinaifagia. Niliumia, kusema kweli. Lakini nilijua sasa adui yangu anakaa wapi."

Hata hivyo, tangu siku hiyo hategemei darasa la moja kwa moja kwa jambo la sauti. Anairekodi injini pembeni, anaituma kama faili dogo kwenye kundi la wanafunzi, na kuwaagiza wavae visikilizi, wafumbe macho, waandike wanachosikia kabla ya kuuliza jirani.

Pigo la pili lilikuwa zito zaidi, na lilikuja likiwa limevaa nguo za sikukuu. Mtihani wa nadharia wa kundi lile la kwanza la mtandaoni, wanafunzi tisini na sita, ulitoa matokeo ambayo hakuwahi kuyaona maishani. Wa mwisho alipata sabini na nane kwa mia.

"Nilifurahi siku mbili," anasema.

Siku ya tatu wanafunzi waliwasili kwa wiki zao za karakana. Aliwagawa kwa makundi, akampa kila mmoja kwa zamu yake injini iliyoingia hewa kwenye mafuta, kazi ya dakika tano kwa anayejua. Kati ya tisini na sita, waliowasha walikuwa kumi na wanne. Kijana aliyepata tisini na saba kwa mia alisimama mbele ya meza akiwa ameishika spana kama ameshikishwa nyoka.

Mkufunzi alimvuta kando, akamuuliza taratibu. Kijana akasema ukweli: alikuwa ananakili swali, anabandika kwenye programu ya simu inayojibu maswali, nayo inamwandikia. Yeye kazi yake ilikuwa kusoma kuona kama jibu limekaa vizuri.

"Mpaka leo namheshimu kwa kuniambia," anasema Mwalimu Nozeli. "Nilikwenda stoo, nikakaa juu ya tairi. Nikaandika kichwani barua ya kustaafu mapema. Halafu nikaanza kuyapitia maswali yangu mwenyewe. Taja sehemu nne za pampu. Eleza kazi ya chujio. Nikaona sikuibiwa. Niliuliza maswali ambayo simu inayajua."

Barua ya kustaafu haikuandikwa. Badala yake, muhula uliofuata aliingia darasani na sharti jipya. Kazi ya wiki haitaandikwa tena. Kila mwanafunzi atatafuta injini ya dizeli iliyo karibu naye, ya mashine ya kusaga, ya jenereta, ya trekta, ya pampu, aombe ruhusa ya mwenyewe, na arekodi video ya dakika tatu isiyokatwa. Ionekane mikono tu. Aeleze anachofanya kwa maneno yake, na ataje namba ambayo mkufunzi ameituma asubuhi ile, ili video ya mwaka jana isije ikafufuka.

Sharti la mwisho analirudia kila wiki mpaka wanafunzi wanamaliza sentensi kabla yake: injini iwe imezimwa, isipokuwa yeye mwenyewe yuko hewani anaangalia. Mafuta yanayotoka kwenye bomba la nozeli yana nguvu ya kutoboa ngozi, na yakishaingia mwilini kidole kinaweza kukatwa. "Kwenye karakana nilikuwa naweza kumdaka mtu mkono," anasema. "Hapa sina mkono wa kumdakia. Nina mdomo tu."

Wengine walilalamika. Mmoja aliandika kwamba alijiunga na chuo, hakujiunga na sinema. Lakini video zilianza kuingia. Mwaka huu ana wanafunzi mia moja na kumi na wanane, ambao kwa dakika tatu kila mmoja wanamfanya akae karibu saa sita kila wiki akitazama mikono ya watu. Anasahihisha kwa sauti: anasimamisha video, anarekodi maneno yake, anamtumia mhusika. Hakuna majibu mawili yanayofanana.

"Niliolewa na mwanamume mmoja," anasema mkewe. "Sasa naishi na injini mia moja na kumi na nane, na zote zinakohoa."

Kuna sauti moja aliyotumiwa mwaka jana ambayo wote wawili wanaikumbuka. Ilitoka kwa mwanamke wa miaka thelathini na mmoja, mhudumu wa kituo cha kusukuma maji katika mji mdogo ulio mwendo wa siku nzima kutoka chuoni. Ana watoto wawili na mama mzazi asiyeweza kuinuka kitandani. Kazi yake kituoni ilikuwa kufagia chumba cha mtambo na kuandika kwenye daftari saa ya kuwasha na saa ya kuzima.

"Nimekaa na injini ile miaka sita," anasema mwanamke huyo kwa simu. "Naifuta vumbi kila siku, lakini nilikuwa siruhusiwi hata kuifungua kifuniko. Chuo kilipoanza kusomesha kwa simu, nilijiandikisha bila kumwambia mtu. Nikawa nasikiliza masomo nikiwa hapo hapo, pembeni yake, na video za kila wiki nazirekodia kwenye mashine ya kusaga ya jirani."

Jumamosi moja mchana, injini ilianza kugonga na kutikisika. Alirekodi sauti kwa sekunde arobaini, akaizima. Fundi wa mkoa alipopigiwa alisema yuko kazi nyingine, atafika baada ya siku nne. Tangi la mji lilikuwa na maji ya siku moja na nusu, na wodi ya wazazi ilikuwa inakunywa kutoka tangi hilo hilo.

Akaituma ile sauti kwa mwalimu wake.

Mwalimu alikuwa kwa kinyozi, upande mmoja wa kichwa umeshanyolewa. Alimwomba kinyozi asimamishe mashine, akaiweka simu sikioni. Aliijua mara ya kwanza: nozeli moja ilikuwa inadondosha mafuta badala ya kuyapuliza. Alimpigia, akafungua mdomo amwambie.

"Akaniwahi," anakumbuka. "Akasema, Mwalimu, usiniambie. Niache niitafute. Wewe niangalie mikono tu."

Alisita, na anakiri kwamba alisita sana. "Mji mzima unangoja maji na mimi nimekalia jibu? Lakini nikafikiri, nikimwambia leo, mwezi ujao atanipigia tena. Na kuna siku sitapokea."

Aliyekuwa mgumu kukubali ni msimamizi wa kituo. Alikuta mhudumu wake ameshika spana akamuuliza ni nani amemtuma. "Aliniambia, wewe kazi yako ufagio na daftari," anasema mwanamke huyo. "Nikampa simu, nikamwambia, ongea na mwalimu wangu."

Mkufunzi, nywele nusu, aliongea. "Nilimwambia, ndugu yangu, mimi namwona kila wiki akifanya kazi. Nitakuwa naangalia kila anachogusa. Akiharibu, usimwandikie yeye barua, niandikie mimi. Nikampa jina langu kamili na la chuo. Kazi yangu yote niliiweka pale. Ingeharibika, nisingekuwa na pa kuweka uso."

Msimamizi alikubali, akavuta kiti, akakaa akitazama.

Mwanamke yule akaiwasha injini. Akaviringisha kitambaa kinene kwenye bomba la silinda ya kwanza, akasogeza mkono wa pili mbali, akalegeza nati kidogo ili silinda hiyo ikose mafuta. Injini ikapungua nguvu, lakini kule kugonga kukaendelea. Akakaza. Ya pili, vivyo hivyo. Alipolegeza ya tatu, kugonga kukakatika kabisa.

"Nikamwambia, Mwalimu, ni ya tatu. Hakunisifu. Akaniuliza, na ya nne umeipima? Nikaipima ya nne ndipo akasema haya, zima, subiri ipoe."

Stoo kulikuwa na nozeli ya akiba. Akaifunga, wakawasha, na moshi ukaanza kuvuja pembeni mwake. Msimamizi akasimama. Mwalimu naye hakuelewa, kwa sababu bega la mwanafunzi lilikuwa limeziba kamera wakati wa kuifunga. Ilibidi mwanafunzi mwenyewe azime, aivue tena na kumulika tundu kwa tochi. Wosha ya zamani ya shaba, pete bapa inayokaa chini ya nozeli, ilikuwa imebaki ndani, chini, na yeye alikuwa ameweka mpya juu yake.

"Hilo sikuliona mimi, aliliona yeye," anasema mkufunzi. "Kioo cha simu kina mwisho wake. Siku ile nilijifunza kumwambia kila mtu, nionyeshe shimo kabla hujalifunika."

Kazi yote ilichukua saa mbili na dakika arobaini. Saa kumi na moja jioni maji yalikuwa yanapanda tena tangini. Kinyozi alikuwa ameshawanyoa watu watatu wengine, na alimalizia kichwa cha mkufunzi bila kumtoza chochote, akisema hakuwahi kuona mteja akitokwa na jasho kiasi kile kwenye kiti chake.

Mwanamke huyo alimaliza kozi mwaka huo huo. Leo ni fundi msaidizi wa kituo, na ufagio umepata mtu mwingine. Msimamizi, anasema, ndiye aliyeandika barua ya kumwombea cheo.

Mwalimu Nozeli hapendi hadithi hiyo isimuliwe kana kwamba ndiyo habari yote. Mwaka huu waliojiandikisha walikuwa mia moja na arobaini. Ishirini na sita waliacha: wengine bando liliwashinda, wengine simu ziliharibika, wengine hawakuweza kukaa peke yao na kioo bila mwenzao wa kuwakanyaga mguu wakisinzia. Aliwapigia wote, mmoja baada ya mwingine. Wanne walirudi.

Mmoja wa hao wanne anafanya kazi machimbo ya mawe, na husikia somo saa ya chakula tu, kompresa ikizimwa. Mkufunzi humtumia kipindi kizima kikiwa kimekatwa vipande vya dakika tano tano, sauti peke yake, ili kisimalize bando.

"Zamani mwanafunzi akikosa, nilikuwa naona nafasi yake mezani ni tupu," anasema. "Siku hizi jina linapotea tu kwenye orodha, kimya kimya. Usipokaa chonjo hujui kama umempoteza mtu. Hilo sijalizoea, na sitaki nilizoee."

Amebakiza miezi ishirini astaafu. Anachokitaka kabla ya hapo ni kukamilisha kazi aliyoianza mwaka jana: maktaba ya sauti za injini zinazoumwa. Mpaka sasa ana themanini na saba, kila moja na maelezo yake: ni injini gani, ni hitilafu gani, ilirekodiwa kabla au baada ya kutengenezwa. Chuo kimekubali ziwekwe wazi mtandaoni ili mkufunzi au fundi yeyote, wa chuo chochote, azipakue. Lengo lake ni mia mbili.

Zilizobaki ndizo ngumu. Nyingine hazipatikani mpaka injini iharibike kweli, na hakuna mwenye gari anayekubali. Kwa hiyo aliomba, na amepewa, injini ya basi la zamani la chuo, lililofutwa kwenye orodha ya magari mwezi uliopita. Wiki ijayo, Jumatatu, ataifunga kwenye sakafu kwa boliti nane, aweke vinasa sauti vinne kuizunguka, aiwashe, kisha afungue oili yote imwagike na arudi nyuma ya ukuta.

Anakadiria itachukua dakika kumi hadi kumi na tano mpaka vyuma vishikane na injini isimame. Wanafunzi wote mia moja na kumi na wanane watakuwa hewani, na ameshawaambia hatajibu swali lolote mpaka iishe.

Anaulizwa kwa nini asiwaeleze tu inavyokuwa, maana sauti hiyo anaijua.

"Niliisikia mara moja, nikiwa kijana, nikiendesha gari la mtu," anasema. "Sikujua ni nini. Nikaendelea kukanyaga mafuta mpaka injini ikafa, na yule mtu lile gari ndilo lililokuwa linamlishia watoto." Anakunja kitambaa cha mikono mara mbili, anakiweka mezani. "Hawa nataka waisikie hapa. Ili siku wakiisikia huko nje, wawe wameshazima kabla hawajamaliza kufikiri."